Anayerudi Gym Abebe Daftari, Picha ya Zamani Aiache Kwenye Simu

Mtindo ni ule ule kila baada ya miezi michache. Staa anafukua picha ya enzi zake, kifua kimetuna, tumbo limekatika vipande sita, anaiposti Insta na kapsheni fupi: "Narudi kazini." Komenti zinamiminika, vimoto juu ya vimoto. Wiki ya kwanza stori zote ni gym, jasho na kioo. Wiki ya pili stori zinapungua. Wiki ya nne kimya kama maji ya mtungi. Na si mastaa tu. Mtaani nako, kuanzia Sinza hadi Mbagala, kila Januari na kila baada ya Idi gym zinafurika watu waliopania, halafu mwezi ukiisha wanabaki wale wale wa siku zote.

Wadau wakiona hivyo hukumu inatoka fasta: mvivu huyo, hana nidhamu, alikuwa anatafuta kiki tu. Hukumu hiyo inawaonea wengi. Wapo waliopotea gym ambao wanaamka saa 11 alfajiri kuwahi mwendokasi, na wapo wanaopiga shoo mpaka usiku wa manane mikoa mitatu kwa wiki moja. Uvivu hapo uko wapi? Tatizo lao ni lengo wanalorudi nalo. Wanarudi kuufukuzia mwili wa kwenye picha ya miaka miwili iliyopita, na mwili ule kwa sasa haupo. Lengo la namna hiyo linaua mzuka kabla hata misuli haijashtuka kwamba mwenyewe amerudi.

Yupo msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni. Enzi zake alikuwa miraba minne, fulana za mikono mirefu hakuzijua. Ikaja ziara ndefu, ukaja msiba wa mama, yakaja na madeni, akakaa nje ya gym mwaka na nusu. Siku alipotoa video mpya watu hawakuzungumzia wimbo. "Kaka mbona umeisha?" "Huyu anaumwa, hamuoni shingo?" "Kachuja mwili na muziki." Bongo mtu akipungua kilo 6 tu, watu wameshampima na majibu wameshayatoa hadharani.

Jamaa akarudi gym kwa hasira. Siku ya kwanza akapanga kilo 100 kwenye benchi, uzito ule ule aliouacha. Mara mbili zilipanda, ya tatu washkaji wakawahi kumtoa chuma kifuani. Siku ya tatu bega likagoma, hata kuvaa shati ikawa kazi. Akiwa kajiinamia pembeni, akaja mjuaji mmoja akamnong'oneza: kuna sindano, miezi mitatu tu mwili wote unarudi, hakuna atakayejua.

Hapo ndipo suala la mzuka linapoacha kuwa utani. Sindano zinazosemwa kwenye kona za gym mara nyingi ni testosteroni au ndugu zake. Mwili ukipokea homoni hiyo kutoka nje, korodani zinaacha kutengeneza ya kwake, zinasinyaa, na mbegu za kiume zinapungua, wakati mwingine zinaisha kabisa. Presha inaweza kupanda, moyo ukaumia, chunusi zikajaa mgongoni. Na kama sindano inachangiwa, kuna VVU na homa ya ini. Kijana wa miaka 26 anaweza kuhatarisha uzazi wake kwa sababu ya komenti za watu wasiomjua. Yule msanii hakuchoma, na kilichomwokoa ni kwamba anaogopa sindano tangu shule ya msingi. Lakini mzuka ulikata, akapotea gym kwa mara ya pili.

Swali la kujiuliza ni kwa nini mzuka unakata hata kwa mtu ambaye mwanzo alikuwa anapenda tizi kweli kweli. Sababu mojawapo ni kwamba mwanzo ni mtamu kuliko katikati. Mtu mgeni kwenye vyuma anaongeza uzito karibu kila wiki, kwa sababu wiki za mwanzo nguvu nyingi inayoongezeka inatokana na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli iliyopo. Misuli yenyewe inakua taratibu baadaye. Miezi ikipita, kasi inapungua. Anayejipima kwa kioo anaona kila siku sura ile ile, anahisi anatwanga maji kwenye kinu, anaacha.

Sababu nyingine ni malengo yenye tarehe ya kufa. Kuna waliojaza mwili kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya kurekodi video, kwa ajili ya sikukuu ufukweni Coco. Siku ikapita, picha zikapigwa, laiki zikahesabiwa. Jumatatu inayofuata hakuna cha kuamkia. Huyu mtu hakushindwa. Alifika alikokuwa anakwenda, ila hakuwa na safari nyingine mkononi.

Sasa habari njema kwa waliopotea. Mwili una kumbukumbu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway walichapisha utafiti wao wa panya ulioonyesha kwamba msuli ukifanyishwa kazi nzito unaongeza viini ndani ya seli zake, na hata uliposinyaa baadaye kwa kukosa kazi, viini vile vilibaki. Mwaka 2018 watafiti wengine, wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza, walichapisha matokeo ya wanaume 8 waliopiga vyuma wiki 7, wakapumzika wiki 7, wakarudi tena wiki 7. Walikuta alama kwenye vinasaba vya misuli zilizobaki tangu awamu ya kwanza. Sayansi bado inachimba zaidi, ila wazee wa gym walishasema kitambo: anayerudi hupanda haraka kuliko anayeanza.

Ila kumbukumbu hiyo haina maana kwamba siku ya kwanza ni siku ya kuonyesha ubabe. Kano na viungo haviendi kwa kasi ya misuli, na ndiyo maana bega la msanii wetu liligoma wakati kifua kinasema twende. Kuna baya zaidi. Mtu aliyekaa muda mrefu akijibamiza tizi la hasira siku moja, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga uchafu wake kwenye damu na kuumiza figo. Dalili yake ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, udhaifu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda ya kola. Akiona hivyo mtu hapaswi kusubiri kesho wala kunywa dawa ya maumivu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ya haya yote si ngeni, ina miaka karibu 80. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa na wodi ya askari walioumia magoti na miguu pale hospitali ya Gardiner jijini Chicago. Yeye mwenyewe ujanani aliugua homa iliyomdhoofisha kitandani, akajijenga upya kwa vyuma. Wakati ule kawaida ilikuwa kumpa mgonjwa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. DeLorme akawapa uzito wa kweli, ila kwa hesabu, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Baadaye, mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, hesabu hiyo ikapangwa kuwa seti 3 za mara 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili.

Uzito kamili ulikuwa upi? Ule ambao askari anaweza kuunyanyua mara 10 leo, akiwa na goti lile lile lililojeruhiwa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anabeba nini kabla ya vita. Kila baada ya muda anapimwa upya, namba inaandikwa, na namba ya jana ndiyo mpinzani wake. Askari aliyevunjika goti alipata kitu ambacho msanii wa kilo 100 hakuwa nacho, yaani mahali pa kuanzia panapolingana na hali yake.

Msanii wetu alikuja kuelewa hilo kwenye gym ya uswahilini, zile ambazo vyuma vyake ni bomba na makopo yaliyomwagiwa zege. Mzee anayesimamia pale hakutaka kujua jamaa ni nani kwenye redio. Alimwekea uzito mdogo, akamuongezea polepole mpaka wakafika pale ambapo mara 10 zinatoka kwa shida lakini zinatoka. Kilo 50. Nusu ya enzi zake, aibu kweli kweli. Mzee akatoa daftari la shule la kurasa 40 akaandika: seti ya kwanza kilo 25, ya pili 37.5, ya tatu 50. Siku mbili kwa wiki kwa benchi, basi. Mara 10 zikitoka bila kuhangaika, kinaongezwa kidogo.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Kwenye gym zenye vyuma vya kiwandani, vipande vidogo kabisa huwa vya kilo 1.25. Kimoja kila upande ni kilo 2.5. Kinachekesha ukikishika mkononi, kama sahani ya chai. Lakini anayeongeza kilo 2.5 kila baada ya wiki mbili anapata kilo 25 ndani ya wiki 20. Haba na haba hujaza kibaba. Haitaendelea hivyo milele, kuna wiki chuma kitagoma na itabidi kushusha kidogo na kupanda tena. Ila miezi ile mitano inatosha kumrudishia mtu kitu alichokosa, yaani kila siku anayoingia gym anatoka na ushahidi kwamba kuna kilichosogea. Mzuka unakula ushahidi huo. Bila huo unakufa njaa, hata mtu akipiga selfi mia.

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walitumia miaka mingi kuchunguza malengo, na hoja yao kubwa ni nyepesi kuelewa: lengo mahsusi lenye ugumu kiasi, ambalo mtu amelikubali na anapata mrejesho wake, linamsukuma kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo." Sasa "nirudi kama zamani" ni "jitahidi uwezavyo" iliyovaa fulana ya gym. Haina namba wala haina mrejesho, zaidi ya kioo na komenti. "Kunyanyua kilo 60 mara 10 kabla ya Ramadhani" ni kitu kinachojibika ndiyo au hapana.

Na malengo mapya si lazima yawe ya benchi. Kuna mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, alijifungua kwa upasuaji. Miezi mitatu baadaye akaposti picha ya mtoto, watu wakaangalia tumbo la mama. "Shosti umejiachia." "Hilo tumbo bado kuna mwingine?" Akanunua mkanda wa kubana, akanunua chai za kupunguza tumbo, pesa zikaenda, tumbo likabaki. Baadaye akaacha vyote, akamuuliza daktari kama kidonda kimeshapona vya kutosha kuanza mazoezi, akaruhusiwa kuanza polepole. Akajiwekea malengo mawili ambayo hakuna picha inayoweza kuyaonyesha: pushapu 10 zilizonyooka, na kupandisha ndoo mbili za lita 20 mpaka ghorofa ya tatu bila kutua njiani, kwa sababu kwao maji yakikatika ndiyo habari yenyewe. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20 za maji, kwa hiyo ni kilo 40 mikono miwili, ngazi zote.

Alianza na ndoo zisizofika nusu. Mwezi wa saba akafika juu bila kutua. Mizani ilikuwa imesogea kidogo sana, na tumbo lake ni tumbo la mwanamke aliyezaa. Ila hakuna siku alikosa sababu ya kufanya mazoezi, maana maji Dar hayaishi kukatika.

Kwa anayetaka namba za kushindana, upo mchezo mzima uliojengwa juu ya wazo hili. Powerlifting, ambayo shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa mwaka 1972, ina minyanyuo mitatu tu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma kwenye benchi, na kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Kila mmoja mshindani anapewa majaribio matatu, yanachukuliwa mazito aliyofaulu, yanajumlishwa. Waamuzi hawaangalii vipande vya tumbo. Kijana yeyote anaweza kuuchukua ujumlisho huo kuwa lengo lake la mwaka bila hata kupanda jukwaani: leo jumla yangu ni kilo ngapi, na Desemba iwe ngapi.

Wapo watakaosema, haya ni maneno ya kufariji wenye vitambi. Picha ndiyo inayoamsha watu, na kwa staa mwili ni sehemu ya kazi. Dili la matangazo haliangalii daftari. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kama kuna video ya kurekodi mwezi wa sita, lengo la mwonekano lipo na halikwepeki. Lakini kazi ina tarehe, na tarehe ikipita kinachomrudisha mtu gym ni kile kingine. Staa mwenye lengo la video peke yake atakuwa anaanza upya kila video, na kila kuanza upya bega lile lile linalipa. Mwenye namba zake anapunguza kula kidogo kuelekea siku ya kamera, halafu Jumatatu anarudi kwenye daftari lake.

Wengine watasema gym ni hela. Kweli, ada za gym za Masaki si za kila mtu. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wazima unasema mazoezi ya kuimarisha misuli yafanyike angalau siku 2 kwa wiki, na haujataja kiyoyozi. Pushapu, skwati, ndoo ya maji, mfuko wa mchanga, kopo la zege. Kinachohitajika ni kwamba uzito au idadi iandikwe na ipande. Na chakula cha kujengea misuli kinapatikana gengeni: mayai, maharage, dagaa, maziwa.

Bado kuna siku mzuka hautakuwepo kabisa, na hapo wengi wanakosea kwa kuusubiri. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ianze kwenda yenyewe bila kujisukuma, ila kati ya mtu na mtu ilitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho ndilo la kubandika ukutani. Msiba upo, foleni ipo, zamu ya usiku ipo, mfungo upo. Aliyekosa Jumanne aende Alhamisi na daftari lake, asingoje Januari nyingine.

Msanii yule mpaka sasa hajafika kilo 100. Yuko kwenye 80, bega halilalamiki, na hajaposti picha hata moja bila shati. Wafuasi wake wanadhani ameacha mazoezi.

Na hapo ndipo lawama inapowageukia wanaoandika komenti. Waswahili wamezoea kusalimiana kwa miili: umenenepa, umekonda, umekwisha. Ana kwa ana sebuleni ilikuwa salamu, na aliyesema alikuwa shangazi atakayekuletea uji ukiumwa. Mtandaoni ni watu elfu tatu wanaosema neno lile lile kwa siku moja, na hakuna hata mmoja atakayeleta uji. Neno hilo ndilo linalompandisha mtu kilo 100 siku ya kwanza, na ndilo linalofanya mnong'ono wa sindano usikike vizuri. Mdau anayemtakia mtu heri, siku staa wake akiposti "narudi kazini," amuulize swali moja tu: leo umenyanyua kilo ngapi, na wiki ijayo unataka ngapi? Akishindwa kujibu, wampelekee daftari. Kurasa 40 zinatosha kuanzia.